Kabla Usifie Hiyo Treni, Uliza Nani Alilipia Reli

Wasee wa mashine, mtanivumilia leo. Kuna aina ya vidio inapendwa sana huku mtandaoni: picha za zamani zisizo na rangi, mdundo mzito, msimulizi mwenye sauti ya sinema, na kichwa kinachosema hii ndiyo mashine iliyoshinda Vita vya Pili vya Dunia. Leo ni kifaru, kesho ni ndege, kesho kutwa ni lori. Mimi pia nazitazama, tena mpaka saa nane usiku. Shida yangu ni moja tu. Mashine inapewa sifa zote, halafu nchi ilipofanyia kazi inabaki kama pazia la nyuma kwa studio ya picha.

Chukua ALCO RSD-1. Hiki ni kichwa cha treni cha dizeli kilichotengenezwa Schenectady, jimbo la New York, kwa ajili ya jeshi la Marekani. Kazi yake kubwa ilikuwa Iran. Ukisikia venye stori yake husimuliwa, Wamarekani walileta dizeli jangwani, mizigo ikafika kwa Stalin, Hitler akapigwa, makofi. Sawa, yote hayo yalitokea. Lakini treni haitembei hewani. Reli iliyokuwa chini ya magurudumu yake ilikuwa na wenyewe, na hao wenyewe walikuwa wameilipia kikombe kwa kikombe, kwa chai.

Nitafika huko. Acha kwanza niipe mashine haki yake, ju kusema ukweli ni tamu.

Mwaka wa 1940 kampuni ya reli ya Rock Island kule Marekani ilikuwa inatafuta kichwa kimoja cha treni kinachoweza kazi mbili: kupanga mabehewa ndani ya yadi, na pia kuvuta treni safari ndefu. Kabla ya hapo kila kazi ilikuwa na kichwa chake. ALCO wakaja na RS-1, na za kwanza zikatoka 1941. Injini ya silinda sita yenye turbo, nguvu za farasi 1,000. Najua kuna mtu hapa ameona gari la Dubai lenye nguvu za farasi kama hizo, anacheka. Mwambie avute nalo mabehewa ya vifaru apande mlima, halafu tuongee.

Na kitu kimoja ambacho watu wengi hawajui: dizeli yenyewe haizungushi magurudumu. Injini inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, umeme unaenda kwa mota zilizofungwa kwenye ekseli, na hizo mota ndizo zinasukuma. Kwa lugha ya mtaa, ni treni ya stima inayobeba jenereta yake mgongoni.

Mwaka wa 1942 jeshi likaja kubisha. RS-1 kumi na tatu zilichukuliwa kutoka kwa kampuni za kiraia, zingine zilikuwa tayari kazini. Rock Island, ambao wazo lilikuwa lao, walinyang'anywa. Atlanta & St. Andrews Bay, kareli kadogo kanakotoka Alabama kushuka mpaka pwani ya Florida, nako kakanyang'anywa. Zikarudishwa kiwandani, zikafanyiwa upasuaji. RS-1 ya kawaida ilikuwa na ekseli nne. Jeshi lilitaka sita, ili uzito ugawanyike zaidi usiponde reli na madaraja ya mahali zilikuwa zinaenda. Herufi D ikaongezwa kwenye jina, ikawa RSD-1. Zingine mpya zikatengenezwa juu ya hizo, na hesabu ya zilizopangiwa Iran ikafika 57.

Kwa nini Iran? Fungua ramani. Ujerumani ilivamia Muungano wa Kisovieti tarehe 22 Juni 1941. Marekani na Uingereza walitaka kuwapelekea Wasovieti silaha, malori, chakula, mafuta ya ndege. Njia ya juu, kupitia bahari ya Aktiki mpaka Murmansk, ilikuwa na nyambizi na ndege za Wajerumani zikiwinda meli. Njia ya Vladivostok iko upande ule mwingine wa dunia. Ya tatu ilikuwa kushusha mizigo Ghuba ya Uajemi na kuivusha Iran nzima mpaka kaskazini. Na Iran ilikuwa na reli moja iliyokata nchi kutoka Ghuba mpaka Bahari ya Kaspi, kilomita 1,394, kama vile ilijengwa ikisubiri vita.

Tatizo lilikuwa maji. Treni ya mvuke ni sufuria kubwa. Inachemsha maji, mvuke unasukuma, maji yanaisha, unasimama kuongeza. Sisi wa Nairobi tungepaswa kuelewa hii kuliko mtu yeyote. Mji wetu ulianza 1899 kama kambi ya reli, na jina lenyewe ni la Kimaasai, linatokana na maji baridi. Sasa peleka hiyo sufuria kusini mwa Iran, tambarare ya Khuzestan, mahali kiangazi joto hupita nyuzi 50. Maji ni haba. Kwenye karakana chuma kinachoma mkono. Halafu ukitoka Andimeshk kuelekea kaskazini unaingia milima ya Zagros, na hapo reli inapanda ikifuata korongo la mto, handaki baada ya handaki. Reli nzima ina mahandaki 224. Fikiria dereva na mwenzake wa moto kwenye kichwa cha mvuke, treni inapanda polepole, imebeba mzigo mzito, iko ndani ya shimo la mwamba, na moshi wote unarudi usoni mwao. Waingereza walikuwa wameleta vichwa vyao vya mvuke vya Stanier 8F, vinavyochoma mafuta mazito, na vilifanya kazi ya maana. Lakini huwezi kubishana na moshi ndani ya handaki.

Dizeli haikuhitaji kusimama kila mara kutafuta maji ya boila. Moshi wake ulikuwa kidogo ukilinganisha. Haikuhitaji saa kadhaa za kupasha moto kabla ya safari. Na juu ya hapo, unaweza kuunganisha vichwa viwili na timu moja ikaviendesha pamoja, wakati vichwa viwili vya mvuke vinahitaji timu mbili. Wamarekani walipochukua uendeshaji wa sehemu ya kusini, kutoka Ghuba mpaka Tehran, mwanzoni mwa 1943, dizeli ndizo zilipewa ile sehemu ngumu ya milimani. Kaskazini ya Tehran walikuwa Wasovieti. Kufikia mwisho wa vita, karibu robo ya misaada yote ya Marekani kwa Wasovieti ilikuwa imepitia Ghuba ya Uajemi, zaidi ya tani milioni 4, kwa reli na kwa malori.

Hapo ndipo vidio nyingi huisha. Muziki unapanda, jina la mtengenezaji linatokea, unaambiwa bonyeza kengele.

Rudi nyuma miaka kumi na kitu basi. Iran ilikuwa imekaa katikati ya mafahali wawili kwa muda mrefu, Urusi juu na Uingereza chini. Mwaka wa 1907 hao wawili waliketi wakagawana Iran katika maeneo ya ushawishi, na Wairani wenyewe hawakuitwa mezani. Kwa hivyo Reza Shah alipotaka reli, serikali yake iliamua kitu ambacho hata leo kingeitwa wazimu: hakuna mkopo wa nje. Sheria ya 1925 ikaweka ushuru kwenye sukari na chai, na hela hizo zikawa za reli. Wahandisi wa nje waliajiriwa, ndiyo, wengi tu, na kampuni ya Kidenmaki, Kampsax, ndiyo ilisimamia kazi kuanzia 1933. Lakini waliajiriwa kama fundi unayemwita nyumbani. Wanalipwa, wanaenda. Mwenye nyumba ni wewe.

Ukijua Wairani na chai utaelewa uzito wa huo ushuru. Chai na sukari si anasa. Mkulima maskini kabisa, ambaye hajawahi na pengine hatawahi kupanda treni, alikuwa anachangia reli kila asubuhi akishika kikombe. Ujenzi ulianza 1927, ukaisha Agosti 1938. Madaraja makubwa 174. Mahandaki mengine yanazunguka ndani ya mlima kama ngazi za gorofa, ili treni ipate kupanda.

Sitaki kumfanya Reza Shah malaika. Alikuwa mtawala wa mkono wa chuma, na hata wakati ule kulikuwa na watu bungeni waliouliza kwa nini reli inatoka kusini kwenda kaskazini, ikiacha miji mikubwa kama Isfahan, Mashhad na Tabriz. Mmoja wao alikuwa Mohammad Mosaddegh, yule yule aliyekuja kuwa waziri mkuu na kupinduliwa 1953. Alitaka reli ya mashariki kwenda magharibi, mahali biashara ilikuwa. Hawakumsikiliza. (Mtu yeyote aliyewahi kuuliza kwa nini SGR yetu ilifika karibu na Naivasha ikasimama anajua hiyo hisia.)

Sasa hesabu. Reli inaisha Agosti 1938. Tarehe 25 Agosti 1941, miaka mitatu baadaye, majeshi ya Uingereza yanaingia kutoka kusini na magharibi, ya Sovieti yanaingia kutoka kaskazini. Iran ilikuwa imetangaza kwamba haiko upande wowote. Sababu iliyotolewa ni kwamba kulikuwa na Wajerumani wengi nchini, na ni kweli walikuwepo, lakini mafuta na hiyo reli vilikuwa na uzito wake, na kila mtu alijua. Tarehe 16 Septemba Reza Shah akaachia kiti. Waingereza wakampeleka Mauritius, baadaye Johannesburg, na huko ndiko alikufa Julai 1944. Mtu aliyejenga reli ili wageni wasimshike alimalizia maisha yake uhamishoni huku Afrika, na treni za hao hao wageni zikipita juu yake mchana na usiku.

Hiki ndicho kitu kinanikaa kooni. Sisi huku tumezoea mjadala wa deni. Ati tatizo la reli yetu ni kwamba tulikopa China, na mwenye pesa ndiye mwenye sauti. Naelewa, na mimi huwa naandika hivyo. Lakini tazama Iran. Hawakukopa. Walijinyima sukari, wakalipa wenyewe, reli ikawa yao kabisa, hakuna mtu angewaletea karatasi ya madai. Na bado ilichukuliwa kwa wiki chache, ju ilikuwa mahali pazuri na wenye bunduki waliihitaji. Kulipa mwenyewe hakukutosha.

Na gharama haikuishia hapo. Mwaka wa 1942 mavuno yalikuwa mabaya. Wenye mashamba makubwa na wafanyabiashara walificha nafaka wakingoja bei ipande. Majeshi ya kigeni yalikuwa yanamwaga pesa nchini na bei ya kila kitu ikapaa. Eneo la Wasovieti kaskazini lilikuwa na nafaka, lakini haikuwa inafika Tehran inavyotakiwa. Na malori na mabehewa, yale ambayo yangebeba ngano kutoka mkoa wenye chakula kwenda mkoa wenye njaa, yalikuwa yamewekwa kwa mizigo ya vita. Desemba 1942 Tehran ikalipuka. Watu waliingia barabarani kudai mkate, maduka yakavunjwa, nyumba ya waziri mkuu Ahmad Qavam ikavamiwa. Watu waliuawa. Mwaka uliofuata ukaja na homa ya matifasi.

Nisieleweke vibaya hapa. Dizeli za Schenectady hazikuleta hiyo njaa. Fujo za mkate zilitokea kabla Wamarekani hawajachukua usukani wa reli, na Washirika walileta nafaka kiasi kupunguza makali. Ninachosema ni kwamba reli ilipopata nguvu mpya, nguvu hiyo ilikuwa na foleni, na mwenye reli hakuwa wa kwanza kwenye foleni. Mtu amelipa ushuru wa sukari miaka kumi na kitu ili apate reli. Siku anayoihitaji kuliko siku zote, anaambiwa subiri, kuna vifaru vinapita.

Kuna mtu ataniandikia kwenye komenti: kwani ungetaka Hitler ashinde? Sitaki, na sidhani kuna Mwirani wa wakati ule alitaka njaa ili Hitler ashinde. Hilo swali ni mtego. Linakulazimisha uchague kati ya kushukuru mashine na kuwa upande wa Wanazi. Unaweza kukubali kwamba ile mizigo ilihitajika kufika na bado ukauliza kwa nini bili ilitumwa kwa mtu ambaye hakuwa ameanzisha vita.

Wenye vita wenyewe walijua. Desemba 1943 Roosevelt, Churchill na Stalin walipokutana Tehran, walitoa tamko kuhusu Iran. Walikiri kwamba Iran imesaidia, hasa kupitisha mizigo ya kwenda Muungano wa Kisovieti. Walikiri kwamba vita vimeiletea shida za kiuchumi. Wakaahidi kuheshimu uhuru na mipaka yake. Karatasi nzuri kabisa. Halafu vita vilipoisha, Wasovieti wakakataa kuondoka kwa tarehe iliyokubaliwa, na ikachukua mvutano mkubwa mpaka Mei 1946 ndio wakatoka. Iran ikabaki na jina la sifa, Daraja la Ushindi. Mtu yeyote aliyewahi kulipwa kwa "tutakutangazia kazi yako" anajua thamani ya jina la sifa.

Mashine nayo iliendelea na maisha. Baadhi ya zile RSD-1 zilirudi Marekani na kuishia reli ya Alaska, kutoka nyuzi 50 za Khuzestan mpaka theluji. Nyingine za aina hiyo hiyo, agizo la 70, zilitengenezwa kwa ajili ya Wasovieti kuelekea mwisho wa vita, wakaziita Da. Na Wasovieti hawakuwa wageni kwa dizeli, walikuwa wamejenga vichwa vya dizeli vya kwanza tangu 1924, na vya baadaye walivipeleka Ashgabat, jangwani, kwa sababu ile ile ya maji. Lakini hizi Da waliziangalia vizuri sana. Mwaka wa 1947 kiwanda cha Kharkiv kikatoa TE1, nguvu za farasi 1,000, na ukiziweka kando kwa kando na RSD-1 utafikiri ni mapacha. Hata injini ilifuata ile ya ALCO. Kutoka hapo dizeli ya Kisovieti ikaanza safari yake yenyewe.

Kwa hivyo angalia nani aliondoka na nini. Wamarekani walipata uzoefu na sifa. ALCO ilipata jina, na RS-1 ikaendelea kutengenezwa mpaka 1960. Wasovieti walipata mizigo, halafu wakapata na ujuzi. Wairani walibaki na reli iliyochoka kwa kubebeshwa mzigo wa vita, na tamko.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sitajifanya profesa. Lakini nimekaa na hizi stori za mashine muda wa kutosha kujua venye hutengenezwa. Mashine ina picha nzuri, ina namba, ina kiwanda chenye kumbukumbu safi. Mtu aliyelipa ushuru wa sukari hana picha. Ndiyo maana ni rahisi kumwacha nje. Na sisi tunaotengeneza vitu vya mtandaoni kutoka Nairobi hatuna sababu ya kumwacha nje, ju sisi ndio yeye. Tangu 2013 karibu kila kitu kinachoingia nchini, simu yako ikiwemo, kimekuwa kikitozwa ushuru wa kujenga reli. Ulianza na asilimia 1.5. Hukuuliza, hukupewa tiketi, ulilipa tu. Siku mtu akitengeneza vidio tamu ya vichwa vya dizeli vya SGR, na muziki na kila kitu, nitataka huo ushuru uwe ndani.

Ukitaka kuitafuta hiyo reli kwenye ramani, usiandike Bandar Shahpur ama Bandar Shah kama vitabu vya vita vinavyoandika. Mwisho wa kusini sasa unaitwa Bandar Imam Khomeini, na wa kaskazini Bandar Torkaman. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2021, na kati ya mambo waliyotaja ni kwamba ililipiwa na ushuru wa wananchi ili wageni wasiishike. Treni bado zinapita.